Mama Mkwe Yuko Kwenye Mgomo

Siku ya tisa ya mgomo wa wazoa taka, Mama Mikate alitupa trei nzima ya mikate ya asubuhi. Haikuwa imeungua, wala haikupungukiwa chumvi. Ilikosa walaji. Ng'ambo ya barabara, hatua ishirini tu kutoka mlangoni pake, takataka za mtaa mzima zilikuwa zimerundikana mpaka kufikia kimo cha mtu, na nzi waliozaliwa huko hawakuhitaji kuonyeshwa njia ya duka. Mteja aliingia, akavuta harufu ya mkate wa moto, upepo ukageuka, akavuta harufu nyingine, akakumbuka ghafla kwamba nyumbani ana viporo. Na kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kutupa, ile mikate nayo ilikwenda kumwagwa pale pale kwenye rundo.

Mama Mikate alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mwenye mikono minene ya kukanda unga. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kirefu: mbele kabati la vioo, katikati meza ya kukandia, nyuma tanuri, kisha mlango wa uani uliounganisha duka na nyumba ya vyumba vitatu. Humo aliishi na mumewe, fundi umeme, pamoja na mama wa mumewe. Mtaa ulimjua huyo mama mkwe kwa mbali tu: mzee mwembamba, mkimya, aliyejitanda khanga mpaka usoni, anayetoka alfajiri na kurudi alasiri akipitia uani. Wengi walidhani ana genge sokoni. Mama Mikate hakuwahi kuwasahihisha.

Ukweli ni kwamba mama mkwe alikuwa mzoa taka wa manispaa, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Alipohamia kwao mwaka uliopita, baada ya nyumba aliyopanga kuuzwa, mkwewe alimkalisha sebuleni, akazunguka mbuyu weee, mwishowe akasema:

"Mama, si kwamba naona aibu. Ila watu wana midomo. Wakijua nyumba inayotoka mikate ndiyo anayolala mtu wa..."

Hakumaliza. Mama mkwe ndiye aliyemmalizia. "Mtu wa taka. Sema tu, neno haling'ati."

Tangu siku ile mzee akawa anaacha sare na buti kwenye karakana ya manispaa. Huko huko anaoga, anavaa gauni lake, anarudi kimya kimya. Hakulitaja tena jambo hilo. Mama Mikate alishukuru, kisha akazoea, kisha akasahau kwamba aliwahi kuomba.

Sasa mgomo ulikuwa umefumua kila kitu. Wazoa taka walidai nyongeza ya mshahara na vifaa vya kazi. Manispaa ikasema mfuko umetoboka. Na mji mzima ukaligeuza jambo hilo kuwa kifungua kinywa, chakula cha mchana na cha jioni. Redioni watu walipiga simu kutukanana. Kwa kinyozi, mteja aliyenyolewa nusu aliinuka kwenye kiti akabisha akiwa na kitambaa shingoni. Huyu anasema wale ni wavivu, yule anasema hata yeye asingeamka alfajiri kwa ujira ule.

Adhuhuri ya siku hiyo hiyo, majirani wawili waliingia dukani. Mmoja alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mrefu na mkali ambaye jina la utani la Msumari lilimkaa kuliko alilopewa na wazazi wake. Wa pili alikuwa mfamasia wa duka la kona, mwanamke mpole aliyeziba pua kwa leso.

"Mama Mikate, maji yametufika shingoni," alisema Msumari. "Jumamosi baraza la manispaa linaitisha mkutano ukumbi wa shule. Wazoa taka watasema yao, na sisi wenye maduka tuseme yetu. Tumekaa, tumekuona wewe ndiye msemaji."

"Mimi? Kwa nini usiwe wewe? Wewe hunyamazi hata usingizini."

"Ndiyo maana," alisema mfamasia. "Huyu akianza, watu wanaziba masikio. Wewe wanakula mkate wako. Watakusikiliza."

Msumari hakukasirika. "Waambie kitu kimoja: kazi ile haina ujuzi. Asiyeitaka aiache, nje kuna foleni. Mchelea mwana kulia, mwishowe hulia yeye."

Hapo ndipo Mama Mikate alipopaswa kusema kwamba kuna jambo hawalijui. Neno lilimfika ulimini, akatazama trei tupu, akatazama rundo, akalimeza neno lake. Akakubali.

Jioni walikula watatu, kama kawaida. Fundi umeme alikuwa mtu wa kula kwanza na kuzungumza baadaye. Mama mkwe, ambaye tangu mgomo uanze alishinda karakana na wenzake wakilinda malori yasitolewe, alinawa mikono, akaketi, akasema kama anayeomba chumvi:

"Wenzangu wamenichagua nikawasemee Jumamosi."

Mama Mikate aliacha kutafuna. "Ukumbi wa shule?"

"Huo huo."

"Mama... na mimi nimechaguliwa. Upande wa wenye maduka."

Fundi umeme alimtazama mama yake, akamtazama mkewe, akaivuta sahani karibu. "Mimi mnisamehe," alisema. "Nyaya mbili zenye moto sizishiki kwa wakati mmoja."

Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa. Mama Mikate hakuona cha kuchekesha.

"Sasa tutafanyaje, Mama?"

"Tutafanyaje nini? Wewe una duka linalokufa, utasema. Mimi nina mgongo unaokufa, nitasema. Kwani tunakwenda kupigana?"

"Lakini watu hawajui kwamba wewe..."

"Nafahamu wasichokijua." Mzee alimega kipande cha mkate. "Nikikuona huko, sikujui. Lala na amani."

Aliyasema bila kinyongo, na hilo ndilo lililomkera Mama Mikate. Angegombezwa, angepata pa kushikia.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti wa baraza, bwana mnene aliyejipepea kwa faili, alitoa kanuni: upande huu dakika kumi, upande ule dakika kumi, kisha maoni, na mwenye matusi ayatoe nje. Wasemaji walikaa kwenye meza moja ndefu, kila upande ncha yake.

Mama Mikate alianza. Mwanzoni alisoma karatasi yake neno kwa neno, kisha akapata njia. Akaeleza mikate aliyoitupa. Akaeleza wanawake wawili aliokuwa amewaajiri, jinsi alivyolazimika kuwarudisha makwao. "Nao wana watoto," alisema, "nao hawakumgomea mtu. Fahali wawili wanapigana, sisi ndio nyasi. Tena nyasi hazina chama cha kuzitetea!"

Ukumbi ulimshangilia. Angeketi hapo, angekuwa amesema vizuri. Lakini makofi ni matamu, na karatasi ilibakiwa na mstari mmoja, ule wa Msumari. Akausoma.

"Na kazi yenyewe haina ujuzi. Asiyeitaka aiache, nje kuna foleni."

Makofi yakazidi. Aliketi bila kutazama ncha ya pili ya meza.

Mama mkwe alisimama akiwa ndani ya sare ya kijani. Mama Mikate hakuwahi kumwona ameivaa. Ilimpwaya mabegani, na magotini ilikuwa na viraka vilivyoshonwa kwa mkono, kwa uzi wa zambarau ambao Mama Mikate aliutambua. Ulitoka kwenye kopo la nyuzi pale nyumbani.

"Mimi si msemaji," mzee alisema. "Nitasema ninachokijua. Lori moja zamani lilikuwa na watu wanane. Leo ni watano. Mitaa imeongezeka, watu wamepungua, na mshahara umesimama kama kigingi. Glavu tunapewa mara mbili kwa mwaka. Zinatoboka mwezi wa kwanza, za miezi inayobaki tunajinunulia. Mwenzetu alichomwa na sindano iliyotupwa ovyo. Alikaa miezi mitatu akisubiri kuambiwa kama ni mzima. Alikuwa mzima. Lakini usingizi wa miezi ile hakuna aliyemrudishia."

Mzee aliendelea kwa sauti ile ile.

"Dada aliyetangulia amesema kweli. Hasara yake ni hasara, na inaniuma. Hapo sina la kumpinga. Ila kuhusu ujuzi, namkaribisha siku moja."

Watu walicheka, na baadhi wakapiga makofi. Neno *dada* lilimchoma Mama Mikate kuliko kicheko chao.

Ndipo Msumari aliposimama bila kupewa ruhusa. "Bibi, na huko nyumbani kwako wanakupokea na harufu hiyo? Wanao wanasemaje?"

Wengine waliguna kwa aibu, wengine wakacheka. Mama mkwe alimtazama kama mtu anayetazama mvua isiyomhusu.

"Wanangu ni watu wazuri," alijibu. "Wananilisha vizuri. Hapa nimekuja peke yangu."

Akaketi. Mama Mikate alihisi maneno yamemjaa mdomoni: *anakaa kwangu, anakula kwangu, huyo ni mama yangu.* Yalihitaji asimame, naye akabaki ameshika ukingo wa kiti. Mwenyekiti akaita mtu mwingine, mwenye nyumba za kupangisha aliyetaka kujua kwa nini alipe ada ya taka zisizozolewa, na nafasi ikapita. Alipoinua macho alimwona mumewe, aliyeapa kwamba haji, amesimama karibu na mlango. Kabla mkutano haujafungwa alikuwa ameshaondoka, na siku mbili zilizofuata hakuzungumza na mkewe ila habari za chumvi na funguo.

Mkutano haukuzaa kitu. Jumatatu baraza, likitaka kuonyesha kwamba halibabaishwi, lilikodi tipa la mchanga na vibarua wanne. Mtaa ulitoka nje kushangilia. Vibarua walijaza, wakashindilia kwa miguu, wakajaza tena mpaka tipa likavimba kama andazi. Lilipokata kona, mlango wake wa nyuma ukafunguka, na nusu ya mzigo ikamwagika barabarani, mbele kabisa ya duka la dawa. Dereva alishuka, akatazama, akasema yeye alikodiwa safari moja. Saa sita hapakuwa na tipa wala kibarua.

Wenye maduka walilazimika kujizolea. Msumari alitoa makoleo mapya dukani kwake, akatangulia mbele kwa mbwembwe, na baada ya dakika kumi akaenda nyuma ya ukuta, akasikika akitapika. Mfamasia alisimama akitoa dawa ya kunyunyiza na maneno ya kutia moyo. Mama Mikate ndiye aliyebaki anachota. Mikono yake ilizoea magunia ya unga, akaona taka hazimshindi. Akashika mfuko mweusi kwa chini, akaunyanyua, na kipande cha chupa kikampasua kiganja.

Alasiri mama mkwe alimkuta jikoni, mkono umefungwa kitambaa cha kufunikia unga, damu imepenya. Alichemsha maji, akayaacha yapoe, akaosha kidonda, akatoa mkobani bandeji na kichupa cha dawa kama mtu ambaye hatembei bila hivyo.

"Uliushika chini," alisema.

"Ningeushika wapi?"

"Juu, shingoni. Na unauweka mbali na mguu. Kabla ya kuuinua unausukuma kwa buti usikie unalia nini. Chupa inalia. Bati linalia. Sindano hailii, ndiyo maana tunadai glavu nene." Alikaza bandeji. "Na lile tipa, walipanga vyepesi mbele, vizito vyote wakavilaza mlangoni. Nilipita nikawaona. Nikasema moyoni, hawa kona hawaivuki."

"Si ungewaambia, Mama!"

"Niko kwenye mgomo, mwanangu."

Mama Mikate alicheka, na katikati ya kicheko akajikuta analia. Mzee alimwacha alie, akiushikilia mkono wake juu ya meza ili damu isirudi kutoka.

"Mama, Jumamosi nilinyamaza."

"Nilikuona."

"Naomba unisamehe."

"Ya Jumamosi nilisamehe nikiwa bado kwenye kiti. Yule Msumari wako anamtisha hata mwenyekiti." Alipiga fundo la mwisho, akalibonyeza kwa kidole. "Ya mwaka jana ndiyo iliyochukua muda."

Mama Mikate alijua ni ipi. Yalimrudia yote, sebule, kiti, na sentensi yake mwenyewe iliyokatikia njiani.

"Imekwisha?"

"Inaelekea kwisha," mama mkwe alisema, akainuka kwenda kumwaga maji.

Tipa lile lilifanya kazi ambayo mkutano haukuweza. Redioni, wale wale waliowaita wazoa taka wavivu sasa waliuliza baraza ambalo haliwezi hata kufunga mlango wa gari litaweza nini. Alhamisi jioni pande mbili zilitia saini: nyongeza ikawa nusu ya ile iliyodaiwa, glavu na buti zitatolewa kila miezi mitatu, na kila lori litaongezewa mtu mmoja. Ijumaa asubuhi malori yakatoka.

Lori lilifika kwenye rundo saa mbili, wakati dukani kuna foleni ya watu wanane. Msumari alikuwa wa tatu.

"Wamepata walichotaka," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Sasa waone haya, wafanye haraka."

Mama Mikate alipangusa unga mikononi. Aliwaambia wateja wamngoje kidogo, akavuka barabara. Mama mkwe alikuwa chini, kando ya lori, na koleo lake, wenzake wanne wanapanga mifuko juu.

"Mama! Shikamoo!"

Aliita kwa nguvu kuliko alivyokusudia. Foleni nzima iligeuka. Mfamasia alichungulia dirishani.

"Marahaba, mwanangu," alijibu mzee bila kuweka koleo chini. "Mkono unasemaje?"

"Haujambo. Mkimaliza, wewe na wenzako mpite dukani mnywe chai."

"Baada ya hapa tuna mitaa mitatu. Lori halingoji chai."

"Basi nitawaletea hapa hapa."

"Ukileta, ya yule pale juu usitie sukari. Daktari wake mkali."

Mama Mikate alirudi dukani. Safari hii hakuketi. Alisimama nyuma ya kabati, akawatazama.

"Yule ni mama wa mume wangu," alisema. "Anakaa humu ndani, nyumba hii, mwaka wa pili huu. Aliyekuwa anajiuliza Jumamosi kama tunampokea, ndiyo, tunampokea. Haya, nani anafuata?"

Mwanamke mmoja alirudisha mkate wake taratibu juu ya kabati, akasema amesahau pochi nyumbani, nayo pochi ilikuwa kwapani. Msumari alifungua mdomo, akautafutia neno, na kwa mara ya kwanza mtaa ukashuhudia amelikosa. Alilipa, akasahau kuchukua mkate, akarudi kuuchukua, akatoka tena. Mzee mmoja nyuma ya foleni alisema kwamba yeye ana njaa, na habari za ukoo zinaweza kungoja. Watu wakacheka, foleni ikasogea.

Chai ilikwenda kwenye sinia, vikombe vitano, kimoja bila sukari, na mikate miwili iliyokatwa. Wazoa taka walinawa kwa maji ya kopo, wakanywa wamesimama, wakitaniana. Mama mkwe alirudisha sinia mwenyewe mpaka mlangoni, akasema chai ilikuwa nyepesi.

Mama Mikate alipoteza wateja wanne ambao hawakurudi. Msumari aliacha kuja, akawa anamtuma mkewe, na baada ya mwezi akaja mwenyewe akidai mkewe hajui kuchagua mkate. Kati ya wale wafanyakazi wawili, mmoja alirudi. Mwenzake alikwishapata kazi kwingine, na Mama Mikate akamkosa, maana alikuwa na mkono mwepesi wa kukanda. Hasara ya siku zile ilichukua msimu mzima kuzibika.

Kwa hiyo hakubadili mawazo yake yote, na wala hakujifanya ameyabadili. Jumapili moja mezani aliyatoa.

"Mimi bado nasema, Mama, siku kumi na sita zilikuwa nyingi. Mngedai huku mnazoa."

"Tungedai huku tunazoa, nani angesikia? Miaka mitatu tuliandika barua. Ulizisikia wewe?"

"Mngetafuta njia nyingine isiyotuumiza sisi."

"Nitajie."

Mama Mikate aliitafuta. Alitaja moja, mzee akaipangua. Akataja ya pili, mzee akasema hiyo ina maana kidogo, ila ingehitaji baraza lenye masikio. Sauti zilipanda, si kwa ugomvi. Fundi umeme alimaliza chakula chake, akachukua mkoba wa vifaa, akaenda kurekebisha swichi kwa jirani. Aliporudi baada ya saa nzima, vyombo vilikuwa bado mezani, wale wawili walikuwa wamefika kwenye suala la nani apange ada ya taka, na hakuna aliyekuwa ameshinda.